Ukuta Uliojua Mkono wa Siwatu

Ukuta ulikuwa umezitema bolti zote, isipokuwa moja.

Siwatu alizikuta sakafuni asubuhi aliposhuka na kikombe chake cha chai, zimetawanyika chini ya ukuta, kila moja ingali na nati yake. Matundu aliyoyatoboa na Fundi Mhina wiki iliyopita, vumbi likiwajaa puani, hayakuwapo tena. Mahali pake palibaki makovu ya duara, meupe kuliko zege lililoyazunguka, na alipoyapapasa yalikuwa laini. Akaweka kikombe chini, akachuchumaa, akaanza kuziokota bolti huku akicheka peke yake. Mtu mwingine angetukana. Siwatu alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na tangu utotoni hakuna aliyeupatia dawa.

Mhina alipofika na mkoba wake wa vifaa, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Dada Siwatu, nyumba haikutaki."

"Haijanizoea."

"Mimi nimetoboa kuta za mji huu mpaka keekee yangu imenizoea kuliko mke wangu. Wazee walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ukuta unajiziba wenyewe. Fundi atakula wapi?"

"Atakula hapahapa. Chai ipo kwenye chupa."

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, chini ya jengo la ghorofa sita mjini Tanga, na wakazi walikiita Shimoni. Kilijengwa kiwe tangi la maji. Maji hayakuja, tangi likawa stoo ya magodoro mabovu, hatimaye kamati ya wakazi ikamruhusu Siwatu akitumie apendavyo ilimradi akifagie. Zege lake lilikuwa zege hai, kama lilivyokuwa katika majengo yote ya wakati huo. Mchanga wa mito ulipokwisha na saruji ikawa adimu, wataalamu walibuni njia ya kujenga kwa nusu ya saruji: walichanganya ndani ya zege vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakavipitishia maji katika mishipa myembamba kama uzi. Vijidudu hivyo husikia uzito. Palipo na uzito hupeleka chokaa, zege likawa nene na gumu. Pasipo na uzito huichukua chokaa hiyo vikaihamishia kwingine.

Kwa hiyo jengo hukabidhiwa likiwa jembamba, na wakazi hulinenepesha kwa kuishi ndani yake. Miaka michache baadaye unaweza kuyajua maisha ya familia kwa kupapasa sakafu yao: hapa ndipo wanaposimama kupika, pale ndipo baba anapokaa kutazama mpira. Nyumba yenye watoto watundu huwa imara kama ngome, na mama yao husema hivyo mgeni akilalamikia kelele. Chokaa yenyewe haiongezwi. Iliyotiwa siku ya kwanza ndiyo hiyohiyo, inazunguka tu. Jambo hili kila mtu alilijua, kama mtu anavyojua kwamba ana figo, na hakuna aliyekaa kulifikiria.

Siwatu aliigeukia bolti ile moja iliyobaki. Akaivuta, akaisukuma, akaigonga kwa spana. Haikutikisika. Zege lilikuwa limefura na kuikumbatia shingoni.

"Kwa nini hii?" aliuliza.

Mhina aliinua mabega. "Hiyo ndiyo uliyokuwa unaning'inia kila jioni kujipima."

Siwatu akageuka kumtazama, kisha akautazama ukuta, kisha akakaa chini kabisa juu ya sakafu, chai ikipoa.

* * *

Zamani alikuwa mkwezi wa minara ya upepo, ile inayozungusha mapanga yake juu ya milima ya Usambara. Aliipenda kazi ile kuliko chakula. Siku moja kebo ya kuvutia mizigo iliteleza, ikamkata kidole cha mwisho na cha pete cha mkono wa kushoto. Kampuni ilimtibu, ikampa kiti, meza na redio, na sasa kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wenzake waliokuwa juu huku yeye amekaa chini. Walimheshimu sana. Heshima ile ilimuumiza.

Mjini palikuwa na ukumbi wa kukwea wenye vishikio vya plastiki vya kila rangi. Alikwenda mara mbili. Vile vishikio vilichongwa kwa mkono wa vidole vitano, na kila alipovishika kwa kushoto mkono wake ulipinda ukamtupa kwenye godoro. Mara ya pili mwanamke mmoja mwema alimfuata akamwambia asikate tamaa. Siwatu alishukuru, akavaa viatu, hakurudi tena. Ndipo alipoanza kuitamani Shimoni.

Baada ya asubuhi ile ya bolti, hawakutoboa tena. Walijenga kwa kuegemea.

Walikodi mirunda, ile miti ya kushikilia dari mbichi isianguke kabla haijakauka, wakaikaza kati ya ukuta mmoja na mwingine, ncha zake zikiukandamiza ukuta mahali Siwatu alipotaka. Wakaiacha. Walipoiondoa, kila ncha ilikuwa imeacha kinundu kama chunusi. Hapo Siwatu aliweka mikono yake mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi alining'inia, akaegemea, akasukuma kwa unyayo, akabana kwa vidole. Kinundu kikawa tuta, tuta likawa mdomo wa zege wa kushikika.

"Kazi gani hii," Mhina alilalama, mgongo wake ukiwa umeubana ukuta mahali alipoelekezwa. "Fundi mzima nalipwa kwa kuegemea. Nikiegemea kwangu nafukuzwa."

"Usiongee, unapunguza uzito."

Alizidi kudadisi. Alifunga uzi kwenye vinundu kuona vinavyonenepa. Aligundua kwamba ukuta hauna haja na mzigo uliotulia peke yake. Unaupenda zaidi ule unaokuja na kuondoka, unaopiga na kurudi. Gunia la mchanga lililoning'inia bila kuguswa lilipata kinundu hafifu, lakini mahali alipokuwa akirukia na kuanguka palivimba haraka. Alimweleza Mhina, macho yakimng'aa, kwamba hata mifupa ya binadamu iko hivyohivyo. Mhina alisema yeye mifupa yake ingependa kukaa kitako.

Kisha kikaja kishikio cha kushoto.

Kilikuwa juu kidogo ya kichwa chake, katikati ya njia aliyojipangia kutoka sakafuni hadi darini. Jioni moja alikirukia bila kufikiri, akaning'inia, na mkono haukupinda. Alibaki hivyo, miguu ikielea. Akashuka, akaleta taa, akakichungua. Zege lilikuwa limejitengenezea vijishimo vitatu, kimoja cha kidole gumba upande wa chini na viwili juu, na mahali ambapo vidole vyake viwili havipo palikuwa pamejaa, pamenyanyuka, pakiukinga ubavu wa kiganja usiteleze. Mkono wa mtu mwingine yeyote usingekaa pale. Mhina alijaribu, akaanguka kama furushi.

Siwatu alikaa kwenye godoro akalia. Tangu ile ajali watu wengi walikuwa wamemhurumia, na wengi walikuwa wamemsaidia. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza kilichotengenezwa kwa mkono wake kama ulivyo.

* * *

Siku aliyoifikia dari, Mhina alikuwa chini akimshangilia kwa mdomo uliojaa andazi.

Siwatu alipita kishikio cha kushoto, akavuka tuta la mguu wa kulia, akajivuta, akajivuta tena, jasho likimwingia machoni. Lengo lake lilikuwa kuigusa dari kwa kiganja kizima. Akanyoosha mkono. Akagusa. Kwa furaha akaisukuma, kama mtu anavyompiga rafiki begani.

Vidole vyake vikazama.

Havikuzama sana, hadi fundo la kwanza tu, lakini vilizama kama vinavyozama kwenye biskuti iliyolowa chai. Chenga na unga mweupe vikamwagikia usoni. Siwatu akabaki amening'inia kwa mkono mmoja, na katika ule utulivu akasikia, karibu sana, mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu asiyetaka kusumbua. Kilitoka upande wa pili wa dari.

Alishuka polepole kuliko alivyopanda.

"Huko juu ni kwa nani?" alimuuliza Mhina, ingawa alijua.

"Kwa Bi Sikudhani. Chumba cha mgonjwa hicho."

Siwatu akachukua upawa wa mbao kwenye mkoba wa Mhina, ule aliokuwa akikorogea gundi, akapanda kwenye ngazi, akaanza kuigonga dari kidogokidogo huku ametega sikio, kama mnunuzi anayechagua nazi. Pembeni sauti ilikuwa ngumu. Kila aliposogea katikati ilizidi kuwa tupu. Kisha akashuka akaukabili ukuta wake, mnene, wenye matuta na midomo, mzuri, na akaelewa mara moja chokaa yake ilitoka wapi.

* * *

Alipobisha, Mwanahawa alifungua mlango akiwa na kidole kimoja mdomoni.

Mwanahawa alikuwa binti wa pekee wa Bi Sikudhani, mwalimu aliyeacha kazi ili amuuguze mama. Moyo wa mama ulikuwa umechoka, madaktari walisema, na anachohitaji ni utulivu. Basi utulivu alipewa. Viatu vilivuliwa nje, vikapangwa ukutani. Ukumbini palitandikwa mikeka, juu ya mikeka mazulia, na chumbani kwa mgonjwa palitandikwa magodoro membamba sakafu nzima ili mtu akipita pasisikike hatua. Jirani waliokuja kumjulia hali waliingia kwa ncha za vidole, wakanong'ona dua, wakatoka kinyumenyume. Jengo zima lilizungumzia adabu ya nyumba ile. Akina mama waliitolea mfano kwa mabinti zao.

"Karibu, shoga," Mwanahawa alinong'ona. "Pita taratibu. Ndiyo kwanza amesinzia."

Siwatu alipita taratibu. Alipokanyaga katikati ya chumba, chini ya godoro, sakafu ilibonyea na kurudi. Kwa mtu mwingine lingekuwa godoro tu. Yeye miguu yake ilikuwa na miaka mingi ya kujua kipi kitamshika na kipi hakitamshika. Alirudi nyuma hadi ukutani akasimama hapo, kisigino kikigusa zege.

Kitandani Bi Sikudhani alikuwa amelala chali, mwembamba, mikono juu ya shuka. Uzito wake haukutosha hata kulibonyeza godoro. Alikuwa amelala katikati ya sakafu hiyo siku nyingi bila kusogea, na vile vijidudu vilivyomo ndani ya zege, ambavyo havina ubaya na mtu, vilikuwa vimeamua kwamba hapa hakai mtu.

Mwanahawa akamletea kahawa na kashata. Siwatu akanywa. Akauliza hali, akajibiwa, akaaga. Alishuka ngazi akijichukia.

* * *

"Naweka mirunda leo," Mhina alisema. Safari hii hakufanya mzaha. "Minne katikati, ubao juu yake. Dari haitaanguka."

"Kwa muda gani?"

Mhina alijikuna kichwa. Siwatu mwenyewe ndiye aliyemfundisha jibu. Mirunda ikiikandamiza dari, chokaa itakimbilia kwenye ncha za mirunda, na kati ya ncha moja na nyingine patazidi kuwa pembamba. Ingesaidia kwa siku chache, kisha ingekuwa ndiyo inayotoboa.

"Basi tuiambie ofisi ya majengo."

"Tukiiambia watakuja kesho," alisema Mhina, "na watamchukua."

Huo ndio uliokuwa utaratibu. Mkazi ambaye uzito wake hautoshi kuishikilia sakafu yake alihamishiwa Makao ya Utulivu, nje ya mji, kwenye mabweni ya zege la kale lisilojali kama mtu amenenepa au amekonda. Hakuna aliyeuita utaratibu ule ukatili. Waliohamishwa walikuwa wazee na wagonjwa, waliagwa kwa maua, na hawakurudi.

Mhina aliitazama kazi yao kwa muda. "Mimi nasema hivi. Mirunda tuweke, tuwe tunaihamisha-hamisha. Wewe endelea kukwea, labda siku moja moja. Na Bi Sikudhani..."

"Sema."

"Hatakaa sana, dada. Kila mtu anajua. Kisha watahamia watu wengine wenye watoto, sakafu itarudi yenyewe, na ukuta wako utakuwa umebaki."

Siwatu hakumkasirikia. Angependa sana kumkasirikia. Lakini neno lile lilikuwa limempitia yeye mwenyewe kichwani kule juu, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, huku akimtazama yule mama anavyopumua. Alikuwa amejiuliza ni muda gani. Na alikuwa ametumaini.

"Weka mirunda," alisema. "Mimi nakwenda kusema."

"Kuwaambia nini?"

"Wapige kelele."

* * *

Mwanahawa alimsikiliza akiwa amesimama jikoni, mikono kifuani. Siwatu alieleza yote kwa sauti ya chini: chokaa, ukuta, dari, vidole vyake vilivyozama. Alieleza kwamba yeye ataacha kukwea kuanzia leo, lakini hilo peke yake halitoshi. Chokaa ikiondoka ukutani itakwenda palipo na vishindo, na katika nyumba hii hapana kishindo.

"Kwa hiyo mama yangu tumemfukia kwa heshima zetu."

"Na mimi kwa kukwea kwangu. Mimi ndiye niliyeivuta."

"Umejua lini?"

"Jana."

"Jana." Mwanahawa alilirudia neno hilo taratibu. "Jana ulikaa hapa ukanywa kahawa yangu."

Siwatu aliinamisha kichwa.

"Na sasa unataka watu waje wamrukie mama juu ya kichwa. Mgonjwa wa moyo. Unajua watu watasema nini? Kwamba nimechoka kumuuguza, namharakisha. Nimekaa miezi yote hii sijamwangushia hata kijiko."

"Mwanahawa."

Sauti ilitoka chumbani. Wote wawili wakageuka.

"Mbona mnanong'ona? Nani kafa?"

Walimkuta Bi Sikudhani macho wazi, makali, uso umeelekea mlangoni. Siwatu akaingia kwa kuambaa ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudia hayo uliyokuwa unayasema jikoni, ila kwa sauti ya mtu."

Siwatu akarudia. Mwanahawa alikaa ukingoni mwa kitanda akiushika mkono wa mama yake, akiuangalia uso ule kwa hofu, tayari kumkatisha. Bi Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Mwanahawa akainuka kutafuta dawa, kabla hajatambua kwamba mama alikuwa anacheka.

"Miezi yote hii watu wanapita hapa kama paka," alisema alipopata pumzi. "Wananikodolea macho, wananong'ona, wanatoka kinyumenyume. Nikadhani nimeshakufa, hamtaki tu kuniambia."

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari alisema utulivu. Hakusema kaburi." Akamgeukia Siwatu. "Ni wewe unayeanguka huko chini kila siku?"

"Ni mimi, mama. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Asubuhi nasikia puu, nasema, haya, binti wa watu ameamka. Jioni puu, nasema, amerudi kazini. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nasikia." Akautazama mkono wa kushoto wa Siwatu, uliokuwa umejificha nyuma ya mgongo. "Na hicho unachokipanda, ukikiacha kitaisha?"

"Kitaisha."

"Unakipenda?"

Siwatu alitaka kusema ni kitu kidogo tu, kama adabu inavyotaka. "Nakipenda sana, mama," alisema.

Bi Sikudhani hakumwambia pole. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuiona ni ya haki.

"Mwanahawa, leteni kinu."

"Kinu, mama, kina mmea. Tulipanda mwasumini."

"Ng'oa. Na mwite mama Tunu na wenzake, waambie waje na michi, na mpunga ukipatikana. Waje na viatu. Mimi hapa siendi kuagwa kwa maua ya mtu."

* * *

Walianza pembeni, palipokuwa pagumu, Siwatu na Mhina wakiwaonyesha wapi pa kusimama. Magodoro yalitolewa, mazulia yakakunjwa, kitanda kikasogezwa kwenye kona. Mwanzoni wanawake walitwanga kwa aibu, wakimwangalia mgonjwa kila mchi unaposhuka.

"Mnatwanga au mnabembeleza?" Bi Sikudhani aliuliza.

Mama Tunu akaangua kicheko, akakaza. Kuanzia hapo kinu kikawa kinasogezwa kiganja kimoja kila siku kuelekea katikati, wakifuata ugumu wa sakafu nyuma yao, na mchi ukawa unalia asubuhi hadi adhuhuri. Walisimulia habari za mji mzima kwa sauti za juu. Waliimba. Jirani wa ghorofa ya pili alikuja kusema kwamba mambo haya si ya nyumba yenye mgonjwa, akapewa mchi. Mwanahawa alikuwa wa mwisho kuushika. Alipoushika alitwanga huku machozi yakimtoka, akatwanga hadi wakamnyang'anya.

Bi Sikudhani hakupona. Moyo uliochoka hautiwi chokaa. Lakini alikaa kitako, akala, akagombana na watu, na sakafu iliyokuwa chini yake ikawa inamsubiri yeye atangulie, badala ya yeye kuisubiri ianguke.

Siwatu hakukwea. Hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Alipita mbele ya mlango wa Shimoni kila asubuhi na mikono ikamuwasha. Mwezi ulipotimia Mhina alimwita washuke wakaikague dari, waone kama mirunda, ambayo Mhina alikuwa akiihamisha kila baada ya siku chache, inaweza kuondolewa.

Aligonga kwa upawa. Pembeni, ngumu. Katikati, ngumu. Mhina alilegeza mrunda mmoja baada ya mwingine, wakangoja, wakatazama juu. Hakuna kilichoanguka isipokuwa tone la jasho la Mhina.

Ukuta ndio uliokuwa umekwisha. Matuta ya miguu yalikuwa yamesawazika. Midomo ya zege ilikuwa imelainika kama sabuni iliyotumika. Kishikio cha kushoto kilikuwa bado kipo, ila kimekuwa chembamba kama ganda la yai, vijishimo vyake vitatu vikionyesha mwanga wa taa kwa nyuma. Unga mweupe ulikuwa umejikusanya chini yake.

"Shika mara moja," Mhina alisema kwa upole. "Uzito wa mara moja hautamdhuru mtu. Ukikishika kila siku kidogo tu, labda kitabaki. Hiki kimoja."

Siwatu aliinua mkono. Aliusogeza mpaka akahisi ubaridi wa zege kwenye ncha za vidole, bila kuligusa. Alijua kabisa jinsi kitakavyomkaa. Alijua pia kwamba akikishika leo, kesho atashuka tena, na keshokutwa atakuwa amepata sababu ya kuning'inia kidogo tu.

Juu yao kinu kilinyamaza. Watu walikuwa wanabadilishana. Kisha sauti ya Bi Sikudhani ikasikika kupitia dari, dhaifu lakini ya kuamrisha:

"Siwatu yuko wapi? Zamu yake hii."

Siwatu akaushusha mkono, akautia mfukoni.

"Naitwa," alimwambia Mhina, akapanda ngazi.

Alikuwa hajafika juu aliposikia nyuma yake kitu kidogo kikidondoka na kuvunjika sakafuni Shimoni. Alisimama kidogo. Hakugeuka. Akaingia kwa Bi Sikudhani na viatu vyake miguuni, akaupokea mchi kutoka kwa Mwanahawa, akaushika kwa mikono yote miwili, akatwanga kwa nguvu zote alizokuwa nazo.